Jumamosi Niliyompa Mwikali Fomu

Kuna Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka, mwanangu, viganja vyangu bado hutoa jasho. Nakuita mwanangu ingawa nimekupita miaka kumi na mitano hivi, na najua mtacheka mkisoma hapa. Vijana wa boda boda wa Tawa walianza kuniita mzee kabla sijaota mvi hata moja. Basi leo nimeamua kuutumia uzee walionipa.

Wiki jana mmoja wenu aliniuliza mbele ya wenzake, "Kwani wewe ni nani tukuambie mambo yetu?" Wengine walicheka, wengine wakaangalia viatu vyao. Sikukasirika. Swali kama hilo niliwahi kuliuliza mimi, kwa sauti kubwa kuliko yake, na nilimwuliza mtu ambaye hakustahili kuulizwa vile. Nilimwambia yule kijana nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu nikijibu kwa mdomo huwa najitetea.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo kikuu, sina kazi, na kichwa kimejaa maswali. Nilimwuliza pasta kwa nini tunaombea mvua mwezi uleule ambao mvua hunyesha kila mwaka. Nilimwuliza baba kwa nini kiti chake hakikaliwi na mtu mwingine hata akiwa safarini. Mama yangu alikuwa akiniambia, "Mutinda, ukimaliza kuuliza ule, chakula kinapoa."

Kanisa letu lilikuwa na mlezi wa vijana, mama wa miaka hamsini na kitu aliyeitwa Mama Kasyoka. Wazee wa kanisa walinipa kazi ya kumsaidia, nadhani zaidi ili nipunguze kuwauliza wao. Nilitarajia kukuta ofisi, faili, ratiba. Nilichokuta ni benchi.

Benchi lenyewe lilikuwa nje ya kisiagi cha Mzee Nzuki, pale watu wa upande wetu walipokuwa wakisaga mahindi. Kila Jumamosi, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, Mama Kasyoka alikaa pale na ungo wa ndengu mapajani, akichagua mawe. Kijana akija na mahindi yake, aliyaweka kwenye foleni, kisha akaja kukaa. Mama Kasyoka alimsogezea ungo, wakachagua pamoja. Wengine walichagua ndengu mpaka unga wao ukawa tayari, wakaaga, wakaenda. Wengine niliona midomo yao ikitembea, lakini mashine ilikuwa ikinguruma na sikusikia neno. Wavulana waliokuja kuchaji simu kwa Mzee Nzuki nao walikaa. Hakuna kilichoandikwa popote.

Nilikaa naye Jumamosi mbili. Ya tatu nikachoka.

Kwenye kikao cha kamati ya vijana nilisimama na daftari langu. Niliuliza rekodi ziko wapi. Niliuliza tutajuaje kama kazi hii inasaidia mtu. Kisha, kwa sababu niliona watu wananisikiliza, nikauliza lile ambalo hadi leo natamani ningelimeza: "Na hizi ndengu ni za nani? Mbona watoto wa watu wanafanyishwa kazi ya jikoni ya Mama Kasyoka, halafu tunaiita malezi?"

Watu walicheka. Mzee mmoja alisema, "Huyu mtoto amesoma kweli." Mama Kasyoka hakucheka wala hakununa. Alifungua mdomo kujibu, lakini mimi nilikuwa tayari nimeshageuza ukurasa, naeleza mpango wangu. Tuwe na chumba kile kilicho nyuma ya kanisa. Tuwe na mlango, meza, viti viwili, na fomu ambayo kila anayekuja ajaze jina, umri, kidato na aina ya shida. Kamati ikakubali tujaribu kwa muda. Nikaomba benchi lifungwe wakati huo, ili vijana wasichanganyikiwe kwa kuwa na mahali pawili.

Mama Kasyoka aliomba kitu kimoja tu. "Basi Jumamosi za kwanza mtu akae pale kisiagini," alisema, "awaambie tumehama. Si vizuri mtu aje akute hakuna mtu."

Nikasema nitaweka tangazo.

Niliandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, nikalibandika kwenye mlango wa kisiagi: VIJANA WENYE SHIDA, MSHAURI YUKO OFISINI NYUMA YA KANISA. Mzee Nzuki, mwenye nyusi nyeupe kwa unga, alilisoma polepole, akanitazama, akalisoma tena.

"Wenye shida," alisema.

"Ndiyo."

"Haya."

Jumamosi ya kwanza hakuja mtu. Ya pili hakuja mtu. Ya tatu alikuja mvulana mmoja kuuliza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Nilikaa kwenye kile chumba, nikisikia wanawake wa kanisa wakifagia na kupanga viti nje, nikaandika kwenye ripoti kwamba huenda mahitaji ya vijana wetu yalikuwa yamekuzwa kupita kiasi. Niliipenda sana sentensi hiyo. Ilikuwa na harufu ya chuo.

Jumamosi ya nne, kama saa nane na nusu, nilimwona Mwikali kupitia dirishani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, wa kidato cha pili, mpole, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Alisimama kwenye ua wa kanisa akiwatazama wale wanawake wanaofagia. Mmoja alimwuliza kwa utani, "Mwikali, na wewe una shida?" Akatabasamu, akasema hapana. Alikaa kidogo akishikashika waya wa ua. Kisha akaja mlangoni haraka, kama mtu anayevuka barabara.

"Mama Kasyoka yuko?"

"Leo hayuko. Niko mimi," nilisema. Nilifurahi, mwanangu. Nilikuwa nimepata mtu wa kwanza. "Ingia tu, karibu. Jaza hapa kwanza."

Nikamsogezea fomu na kalamu. Aliiangalia ile fomu. Niliona macho yake yakishuka mstari kwa mstari mpaka pale palipoandikwa aina ya shida, yakabaki hapo.

"Nilikuwa nataka tu kumsalimia," alisema.

"Nitamwambia ulipita."

Akaondoka. Na mimi, kwa mkono huuhuu ninaokuandikia nao, nikaandika: Mgeni mmoja. Hakuwa na shida.

Saa kumi ilipokaribia, Mzee Nzuki alitokea mlangoni. Sikuwahi kumwona akiacha mashine yake siku ya Jumamosi. Alikuwa anahema.

"Yule msichana Mwikali ameacha mahindi kwangu."

"Atarudi kuyachukua," nilisema.

"Kijana, foleni yake ilifika zamani. Nimeita, nimeita. Aliyaweka, akasoma ile karatasi yako, akaja huku. Halafu akapita tena pale kwangu bila hata kuyatazama mahindi. Ameshuka njia ya mtoni." Alijipangusa uso na unga ukazidi kusambaa. "Mimi nimesaga miaka mingi. Mtoto anaweza kusahau kitabu, anaweza kusahau sweta. Mahindi ya nyumbani hayaachi."

Hapo ndipo mikono ilipoanza kutoa jasho. Nilimpigia simu Mama Kasyoka. Alikuwa shambani kwake, si mbali, na alifika akiwa bado na udongo miguuni. Nilijitayarisha kugombezwa. Ningegombezwa ningejisikia vizuri zaidi. Aliuliza maswali tu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini.

"Alikuja saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Alisema nini? Maneno yenyewe, si maana yake."

Nikayarudia.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ajaze fomu."

"Twende," alisema.

Nilitaka kwanza tutangaze kwenye spika ya kanisa, watu wote watoke wamtafute. Niliona ndiyo njia ya haraka. Mama Kasyoka alikataa huku tayari anatembea. "Ukitaja jina lake kwenye spika, hata tukimpata atakuwa ametupotea. Mzee Nzuki, nenda kwa mama yake, useme mashine imechelewesha unga, kama yuko huko utaona. Ukimkosa, tupigie. Tukifika mtoni tukamkosa, hapo tutapiga kelele zote."

Unaijua mito yetu wakati wa kiangazi. Juu ni mchanga mkavu, na maji yako chini, watu wanayachimba. Kufikia mwezi ule visima vya mchanga vilikuwa vimekwenda chini kuliko kimo cha mtu, na kila mtoto wa huku ameonywa kwamba kingo zake huporomoka. Njia nzima nilikuwa nikiona kisima kimoja tu kichwani mwangu. Nilianza kukimbia.

"Usikimbie," Mama Kasyoka aliniambia kutoka nyuma.

"Na kama tumechelewa?"

"Kama tumechelewa, tumechelewa. Kama hatujachelewa na akakuona unamjia mbio, naye atakimbia, na hatujui atakimbilia wapi. Tembea. Tembea haraka, lakini tembea."

Simu yake ililia. Alikuwa Mzee Nzuki. Mwikali hakuwa nyumbani. Mama Kasyoka aliirudisha simu kwenye leso, nikaona mkono wake ukikosa fundo mara mbili. Ndipo nikajua kwamba anaogopa kama mimi, pengine kuliko mimi, kwa sababu yeye alijua jambo ambalo mimi sikulijua. Alikuwa amekaa na huyu msichana kwenye benchi lile muda mrefu kabla sijarudi kutoka chuo.

Nilimwuliza. Hata pale, mwanangu, nilimwuliza. "Ana nini? Kuna kitu gani?"

Aliongeza mwendo.

Tulimwona kabla hajatuona. Alikuwa amekaa kwenye mchanga, kando ya kisima, miguu ikining'inia ndani. Viatu alikuwa amevivua na kuvipanga pembeni, sawasawa, kama mlangoni pa nyumba ya wageni. Hapakuwa na mtu mwingine mtoni.

Mama Kasyoka alinishika mkono nisimame. Yeye akaendelea, polepole, akipitia mahali ambapo Mwikali angemwona. Alipofika karibu hakumsogelea. Alikaa chini, mbali kidogo, nyuma ya ukingo ule unaoporomoka, akanyoosha miguu yake yenye udongo kama mtu aliyekuja kupumzika.

"Mwikali," alisema, "mahindi yako bado hayajasagwa. Kwenu watakula nini?"

Msichana hakugeuka. Kisha mabega yakaanza kutikisika.

"Nilikuja, hukuwepo," alisema. "Nilikuja, hukuwepo, mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na alilisema kama mtu anayelalamika kwa mama yake kweli.

"Nilikosa kuwa pale. Nisamehe. Sasa niko. Sogea huku kwangu, huko mchanga ni mbaya."

Ilichukua muda. Sijui muda gani. Nilihesabu pumzi zangu nikasahau hesabu. Mwikali alivuta mguu mmoja, halafu wa pili, akajiburuta kwenye mchanga mpaka akafika alipokuwa Mama Kasyoka, akaegemea hapo. Nami nikaanza kuwaendea. Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimesoma mambo haya.

Mama Kasyoka aliinua kichwa. "Mutinda, rudi."

"Nimekuja kusaidia."

"Umenisindikiza, asante. Sasa rudi ukasage mahindi."

Nikarudi. Nilipanda kile kilima na digrii yangu, nikafika kisiagini, nikasimama kwenye foleni na mahindi ya Mwikali. Watu walikuwa wanasubiri unga, wanalalamika. Mzee Nzuki alinitazama mara moja tu, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Yuko na Mama Kasyoka." Aliitikia kwa kichwa, akayamimina mahindi. Nilipoteremka na ule unga, ukiwa bado wa moto, jua halijatua, nilikutana nao njiani wakipanda. Mwikali alikuwa amevaa viatu vyake. Alipokea unga, akasema asante bila kunitazama, akapita.

Jioni ile nilimwuliza Mama Kasyoka tena. "Alikuambia nini?"

"Aliniambia."

"Ndiyo, lakini nini?"

"Aliniambia mimi," alisema. Kisha akakaa kwenye ngazi ya kanisa, akanionyesha nikae. "Unataka kujua ili umsaidie, au unataka kujua tu?"

Nilitaka kusema ili nimsaidie. Ungekuwa uongo.

"Uliniuliza mbele ya kamati kwa nini nakaa pale na ndengu," aliendelea. "Lilikuwa swali zuri. Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifurahi, nikataka kujibu. Lakini wewe uliuliza kama mtu anayebisha hodi akiwa ameshaingia ndani. Sasa nakujibu. Kila nyumba inasaga. Hakuna mama atakayemwuliza mtoto mbona ulienda kisiagini. Mashine inapiga kelele, jirani hasikii. Na mtu akiwa na ndengu mbele yake, halazimiki kunitazama, na mimi simtazami. Ukiwa na miaka kumi na sita na unataka kusema jambo linalokuaibisha, utalisema ukitazamwa usoni, kupitia meza?"

"Hapana," nilisema.

"Na ndengu ni za wale watoto wanaobaki kanisani Jumapili mchana, kwa sababu kwao hakuna chakula. Hilo ungelijua kama ungengoja jibu."

Nilikuwa bado na swali, na sikuona aibu kuliuliza, na hadi leo sioni aibu. Nilimwuliza kama ni sawa mtu mmoja kubeba siri ya mtoto peke yake. Itakuwaje ikiwa mtoto anaumizwa? Itakuwaje siku ambayo mlezi ni mgonjwa, au ni mtu mbaya?

Safari hii nilingoja. Alisema mtoto akiwa hatarini yeye hanyamazi. Anakwenda kwa wanaohusika, lakini mtoto anajua kwanza kwamba anakwenda, na kwa nani, na akitaka wanakwenda pamoja. "Jumatatu nina safari ya namna hiyo," alisema. Kuhusu swali la mwisho alinikubalia. "Hapo una haki. Kama ningekuwa nimelala kitandani leo, ingekuwa vilevile. Kwa hiyo inabidi tuwe wawili. Lakini wa pili hawezi kuwa wewe mpaka wakuzoee, na sijui itachukua muda gani."

Nilibandua tangazo asubuhi iliyofuata. Jumamosi nilikaa kwenye benchi, mwisho kabisa, na ungo wangu. Habari ilikuwa imeenea kiasi. Haikutaja jina la Mwikali, lakini habari yangu ilikuwa kamili. Vijana wa boda boda walipita wakipunguza mwendo. "Fomu, leo umesahau kalamu?" "Fomu, mimi nina shida, mke wangu hapiki ugali mgumu, niandike wapi?" Jina hilo lilinikaa zaidi ya mwaka. Nilichagua ndengu. Mvua za vuli zilikuja na kwenda kabla mtu hajaniambia neno lolote la maana, na aliyeanza alikuwa mvulana aliyetaka kujua kama ni dhambi kumchukia kocha.

Mwikali alimaliza shule. Sasa anaishi Nunguni, ana watoto wawili na duka la vitambaa, na tukikutana ananisalimia vizuri. Ni miaka kumi. Sijawahi kujua ni nini kilichompeleka mtoni. Wewe unanijua, mimi ni mtu ambaye hulala vibaya akiwa na swali lisilojibiwa. Hili nalala nalo. Mama Kasyoka alizikwa mwaka juzi, na hakuniachia jibu, na nilimheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe uliyeniuliza mimi ni nani hata uniambie mambo yako, uliuliza vema, na usiache. Usimpe mtu siri zako kwa sababu tu kanisa au shule au kaunti imempa cheo cha kukulea. Mtazame kwanza. Angalia kama anakuja siku aliyosema atakuja, hata wakati hakuna mtu. Sikiliza anavyozungumza juu ya wenzako wasipokuwepo, maana hivyo ndivyo atakavyozungumza juu yako. Akikutaka mahali pa faragha na kukukataza usimwambie mtu yeyote kwamba mlionana, ondoka, na umwambie mtu mwingine siku hiyohiyo. Lakini ukimwuliza swali, mpe nafasi ya kujibu. Mimi niliuliza ili nishinde, na aliyekaribia kulipa hakuwa mimi.

Na kuna jambo jingine, hili nakusihi. Usiwe na mtu mmoja tu. Tafuta wawili, watatu: shangazi, mwalimu, jirani, rafiki mwenye akili iliyotulia. Sisi tunaowalea ni watu. Tunaugua, tunasafiri, tunakosea, wengine wetu tulianza kazi hii tukiwa wajinga wenye vyeti. Ukibisha mlangoni kwa mmoja wetu ukakuta hayuko, au yuko lakini amekujibu kama nilivyomjibu Mwikali, usichukue hilo kuwa jibu la dunia nzima. Nenda kwa wa pili. Nenda kwa wa tatu. Hasira yako kwetu njoo nayo, tutaistahimili.

Sijui kuombea watu vizuri, na bado namwuliza Mungu maswali ambayo pasta hapendi kuyasikia. Lakini kwa hili naomba bila swali. Akulinde siku ambayo hutakuwa na maneno. Akupe watu wasiokuchoka. Na siku kijana atakapokuja mbele yako, amechelewa, hajui aanzie wapi, akujalie uwe bado umekaa.